Chupa Kwenye Bustani ya Teodora

Bustani ya Teodora haikuwahi kuwa na mlango. Ilikuwa na wigo wa minyaa upande wanakopita ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hawana adabu, lakini upande wa watu ilikuwa wazi, na njia ya kwenda ziwani ilipita katikati ya matuta. Sisi wanawake wa jumuiya yetu hapa Luchelele tulikuwa tunatoka kuchota maji, tunaingia, tunachuma majani ya kutosha mboga ya jioni, tunapita zetu. Ukimkuta unamwambia. Usipomkuta utamwambia Jumapili. Na yeye alipenda iwe hivyo. Siku moja nilimsikia akimkemea msichana aliyesimama pembeni na kupiga hodi: "Hodi ya nini? Kwani mchicha umelala?"

Huyo ndiye Teodora, tunayemwita Mama Shimba kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni Msukuma wa Ngudu, mtoto wa mkulima wa pamba, mjane, umri wake unakaribia sitini. Ana mikono mikubwa kama ya mwanaume na sauti ndogo isiyofanana na mikono hiyo. Mimi ni Bernadeta, Mama Nathaniel. Nimezaliwa Mkuyuni, baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kabla sijaolewa huku ufukweni sikujua kama mchicha unaota au unatengenezwa. Kila ninachokijua kuhusu mboga nilikijua kwa kusimama nyuma ya mgongo wa Teodora na kuuliza maswali ya kijinga.

Wadudu wa bustani alikuwa anawajua kama mwalimu anavyowajua watoto watukutu wa darasa lake. Akikuta mche umekatwa shingoni asubuhi, hakulalamika. Alichimba kwa kidole kuzunguka shina, akamtoa sota, kiwavi mnene aliyejikunja kwenye udongo, akamrushia kuku. Akiona jani la kabichi lina matundu, analigeuza. "Usipogeuza jani hujaona kitu," alikuwa ananiambia. Vidukari, wale wadogo wa kijivu wanaojazana chini ya jani mpaka linajikunja, aliwafuta kwa dole gumba, kisha akanyunyiza maji ya sabuni na jivu. Dawa ya dukani hakuipenda. Alisema dawa haina macho.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililokuwa limemvunja. Miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, mdudu anayeitwa kantangaze aliingia kwenye nyanya zake. Asubuhi moja aliona vijia vyeupe kwenye majani, akadhani ni kivuli. Baada ya wiki mbili majani yalikuwa yamekauka kama yameunguzwa, na kila nyanya ilikuwa na kitundu kidogo cha sindano na funza ndani. Aling'oa zote. Nilimkuta amekaa chini katikati ya matuta, hajafunga hata kitenge vizuri, na nilipomsalimia hakuitikia. Tangu siku hiyo, mdudu anayemjua hakumtisha. Asiyemjua alimtetemesha.

Sasa ilikuwa Julai, kiangazi, upepo wa ziwani umekausha kila kitu isipokuwa bustani yake, maana alikuwa anamwagilia kwa ndoo asubuhi na jioni. Alikuwa na matuta matatu makubwa ya sukuma wiki, majani mapana yanang'aa. Jumatatu jioni aliniita kwa haraka nikadhani ameona nyoka.

"Mama Nathaniel, njoo uone. Hawa ni nani?"

Akageuza jani. Vidukari walikuwepo, hao niliwafahamu. Lakini kati yao walikuwa wanatembea wadudu wengine, weusi, warefu kidogo, wana madoa ya rangi ya chungwa mgongoni. Walikuwa na umbo la mamba, mamba wa ukubwa wa punje ya mchele. Tuligeuza jani lingine, wapo. Jingine, wapo.

"Hawa siwajui," alisema. "Tangu nizaliwe siwajui. Wameingia lini?"

"Mpigie bibi shamba."

Bibi shamba wetu, mtaalamu wa kilimo, ni binti anaitwa Janet, mtaratibu na mwenye pikipiki mbovu. Teodora akampigia palepale. Janet alikuwa kwenye semina mbali na mji. Akasema atakuja Ijumaa, na akamwomba asiguse kitu mpaka afike.

"Ijumaa!" Teodora alisema baada ya kukata simu. "Ijumaa nitakuwa na vijiti vitupu."

Nikamwambia asihangaike, mdudu ni mdudu, tutaosha na chumvi. Nikaondoka. Hapo ndipo na mimi nilipokosea, kwa sababu niliona hofu yake nikaicheka.

Ndani ya nyumba yake, chini ya kitanda, kulikuwa na chupa ya dawa ya pamba. Kaka yake Maige alikuwa ameileta kutoka Ngudu msimu ulipokwisha, mabaki, akasema weka, itakufaa. Ndugu wa pamba wote wanafanya hivyo. Dawa ikibaki shambani haitupwi, inapelekewa dada. Miezi yote ile Teodora hakuigusa. Jumanne alfajiri aliitoa, akaichanganya na maji, akapiga matuta yote matatu. Alijua kuwa ile si dawa ya mboga. Alijiambia ataacha wiki tatu, hatachuma yeye wala hatauza, na maji ya kumwagilia yataiosha.

Kisha akafanya kama baba yake alivyokuwa akifanya. Kwao, mtu akishapiga dawa shambani anachomeka mti pembeni na kuning'iniza chupa tupu, mdomo chini. Hakuna maneno wala karatasi. Kijiji kizima kinajua: hapa usichume hata mboga ya porini, wala mbuzi asipite. Teodora alichomeka mti mwanzoni mwa tuta la kwanza, akafunga chupa, akaona amemaliza. Hakukumbuka kwamba sisi si watu wa pamba. Huku kwetu chupa ikining'inia bustanini inafukuza ndege.

Jumanne hiyohiyo jioni, Mzee Owuor akafariki hospitalini mjini.

Owuor alikuwa jirani wa ukuta mmoja na Teodora, fundi wa mitumbwi, Mjaluo wa Shirati mwenye mabega ya kubeba mbao mbili kwa mpigo. Tumbo lilimwanza mwezi wa tano. Alikataa ugali, akakataa samaki, akabaki na kitu kimoja tu anachoweza kumeza: uji wa ulezi wa Teodora. Kila asubuhi kwa miezi miwili Teodora aliuvusha kwenye kikombe cha bati cha bluu, akampa Aoko mke wa Owuor, akasubiri mlangoni aulizwe hali ya mvua au ya nyanya, maana Owuor alipenda kuzungumza hata akiumwa. Kwa hiyo taarifa ilipofika, Teodora alilia kama amefiwa na ndugu, na habari ya dawa ikamtoka kichwani kabisa.

Jumatano asubuhi wakaja ndugu kutoka Shirati, wakiongozwa na Dorcas, dada wa marehemu. Dorcas ni mwanamke mrefu, amezoea kusikilizwa. Walikwenda watatu hospitalini kushughulikia mwili na nguo, yeye na Aoko na Teodora. Wakiwa wamekaa kwenye benchi wanasubiri kuitwa, Dorcas akauliza, bila kumwangalia mtu:

"Nani alikuwa anampikia kaka yangu?"

"Mimi, wifi," Aoko akajibu. "Na Mama Shimba huyu alikuwa anamletea uji."

Dorcas akageuka akamtazama Teodora kwa muda mrefu. "Mtu mwenye nguvu zile hafi kwa tumbo," akasema. "Kuna kitu alilishwa." Hakusema zaidi, na daktari alikuwa ameshawaeleza ugonjwa kwa jina lake, lakini Teodora aliniambia baadaye kwamba palepale aliificha mikono yake ndani ya kanga.

Wakati wao wako hospitalini, sisi tuliobaki tulikuwa tunatafuta chakula cha msiba. Kwetu utaratibu unajulikana. Kila nyumba inatoa unga, kuni, maharage, na bustani yoyote iliyo karibu ni ya msiba. Unachuma kwanza, unasema baadaye. Watu walikuwa wanafika kama mia na hamsini. Mimi na mwenzangu Selina tulichukua mabeseni tukaenda kwa Teodora, na tulichuma matuta yote matatu mpaka yakabaki mashina. Chupa niliiona. Niliisogeza pembeni kwa kiwiko ili nipite na beseni.

Nikaziosha mwenyewe, maji matatu, ya mwisho na chumvi. Wale wadudu weusi walielea juu ya maji, hata mmoja hakutembea. Nikaisifu chumvi.

Ilipofika saa kumi jioni masufuria mawili yalikuwa yameiva, yamekaangwa na vitunguu na karanga, na wenzangu walikuwa wanageuza ugali wa mwisho. Nilikuwa nimeonja mboga mara mbili, maana mkono wangu wa chumvi ni mdogo na huwa sijiamini.

Teodora na wenzake walishuka barabarani saa hiyohiyo. Selina aliyekuwa anatoka dukani akawapokea mizigo, akasema kwa moyo mweupe: "Mama Shimba, tumeshachuma kwako. Sukuma wiki yote. Mungu akubariki, imetosha watu wote."

Teodora aliniambia baadaye kwamba hakusikia neno jingine. Aoko na Dorcas waliendelea kuelekea nyumbani; yeye akakata kona, akaenda bustanini kwa hatua ndefu, akitembea na tumaini moja tu, kwamba Selina amekosea, kwamba wamechuma mchicha na matembele kule mwisho ambako dawa haikufika. Alipofika aliona mashina. Matuta matatu, mashina matupu, na mti wake umelala upande, chupa imegusa udongo.

Alisimama pale. Amenieleza mara nyingi alichokuwa anakiwaza, na hajawahi kujipamba katika kukieleza. Aliwaza kwamba watu wataosha na kupika na pengine moto utaua sumu. Aliwaza kwamba labda watakula kidogo tu. Aliwaza kwenda nyumbani kwake, afunge mlango, aseme kichwa kinamuuma. Kwa sababu alijua kinachomsubiri: atafika kwenye msiba ambako dada wa marehemu ameshasema ndugu yake alilishwa kitu, na yeye mwenyewe, mleta uji, atatamka mbele ya watu neno sumu. Hapa kwetu mwanamke mjane wa umri wake hahitaji kutamkiwa neno hilo mara mbili kabla hajaitwa mchawi. Tunajua waliohama kwa jambo dogo kuliko hilo, na waliokosa nafasi ya kuhama.

Halafu akawaza watoto wanaokaa mstari wa mbele kwenye mikeka, wanaopakuliwa kwanza. Akaanza kukimbia. Sikuwahi kumwona Teodora akikimbia kabla ya siku ile, na viatu alikuwa amevishika mkononi.

Alinifikia jikoni nikiwa nimeshika upawa.

"Mama Nathaniel, usipakue."

"Shikamoo, Mama Shimba. Poleni na safari. Kwa nini nisipakue?"

Hakuitikia hata marahaba. Alikuwa anahema. "Hiyo mboga ina mchanga."

"Mchanga! Nimeiosha maji matatu kwa mikono yangu."

"Ina wadudu."

"Wadudu wamekufa wote kwenye chumvi, nimewaona. Kaa upumzike, umechoka."

Ni kweli nilimjibu kwa ukali. Tangu asubuhi nilikuwa motoni, moshi umenijaa machoni, watu wana njaa, na mtu anakuja kunitafutia makosa kwenye sufuria. Nikainua upawa. Teodora akashika sufuria masikioni kwa mikono mitupu, ikiwa moto, akaivuta kwake.

"Imepigwa dawa," alisema. Sauti yake ndogo ilitoka yote. "Jana asubuhi. Dawa ya pamba. Ni sumu, msile."

Wanawake waliokuwa wanageuza ugali waliacha mwiko. Wanaume kwenye viti wakageuka, kisha mkeka wa ndugu ukageuka. Na mimi, niliyeonja mara mbili, niliangusha upawa nikapiga kelele ambayo mpaka leo ninaisikia.

"Umeniua! Teodora, umeniua!"

Sikusema Mama Shimba. Nilimtaja jina lake kavu, kwa sauti, mbele ya watu mia na hamsini.

Dorcas alikuwa ameshasimama. Akaja polepole mpaka jikoni, watu wakimpisha. "Sumu ya mboga tumeijua kwa sababu kuna mtu ameonja," alisema. "Sumu ya kwenye uji alionja nani?"

Nilimwona kijana mmoja akiinuka kwenye kiti, na mwingine, na walivyoinuka sikupenda. Wanawake waliokuwa karibu na Teodora walirudi nyuma hatua moja. Na mimi nilirudi. Alibaki peke yake na sufuria, viganja vimebabuka, na badala ya kujitetea akauliza:

"Kuna mtoto aliyekula?"

"Nimekuuliza habari ya uji," Dorcas akasema.

"Kwanza niambieni. Kuna mtoto aliyekula?"

Selina akajibu huku akilia kwamba watoto walikuwa wamepewa ugali na dagaa mapema, mboga haijaguswa na mtu isipokuwa mimi. Teodora aliposikia hivyo akakaa kwenye majivu.

Wakati huo mlango wa chumba ukafunguliwa, akatoka Aoko. Mfiwa hatoki kuja jikoni. Kazi yake ni kukaa na kulia. Alitoka na kitambaa chake kichwani kimelegea, akapita katikati ya watu mpaka mbele ya Dorcas.

"Wifi, ya kwenye uji nilionja mimi," alisema. "Kaka yako alikuwa anaishia nusu kikombe. Nusu iliyobaki nilikunywa mimi, kila asubuhi, miezi miwili, kwa sababu siwezi kumwaga chakula cha mtu anayetuhurumia. Kikombe kimoja, wifi. Niangalie. Nimekufa?"

Dorcas alimwangalia. Akafunika uso akalia, na safari hii alimlilia kaka yake tu. Wale vijana wakakaa. Lakini nilikuwa nimeshapiga kelele, na kelele zangu hazikurudi mdomoni.

Wanaume walichimba shimo nyuma ya choo, mboga ikafukiwa pamoja na maji yake. Watu wakala ugali na dagaa. Mimi nilipandishwa pikipiki mpaka zahanati. Muuguzi akauliza dawa gani, mimi sijui, kichwa kinanigonga, nasali na kutapika mate. Dakika chache baadaye Teodora akaingia na pikipiki nyingine, ameishika ile chupa, ili muuguzi asome jina. Alikaa kwenye benchi nje muda wote niliolazwa. Nilimwona kupitia dirishani. Niligeukia ukutani.

Sikufa, kama mnavyoona. Waliniangalia mpaka usiku, wakanipa maneno mengi ya kunionya, wakanirudisha. Mpaka leo sijui kama kichwa kiliuma kwa dawa au kwa woga.

Ijumaa Janet akaja kama alivyoahidi. Nilikwenda kusikiliza, nikasimama mbali. Teodora alikuwa amehifadhi jani moja lililodondoka, lina wale weusi wa madoa ya chungwa, wamekauka. Janet akaliweka kiganjani.

"Mama, hawa ni watoto wa wale wadudu wekundu wa mviringo, wenye madoa meusi mgongoni. Unawajua?"

"Wale nawajua. Wale siwagusi, wanakula vidukari."

"Na hawa wanakula zaidi. Wakiwa wadogo ndio wana njaa. Ungewaacha siku nne au tano, vidukari wangekwisha wenyewe."

Teodora aliligeuza lile jani. "Kwa hiyo niliowaua ndio waliokuja kunisaidia," alisema. Janet alimwambia kwamba dawa ya pamba haina hesabu ya siku kwenye mboga, si tatu wala ishirini na moja, haikutengenezwa kuliwa. Ang'oe mashina yote, afukie, na matuta yale ayapumzishe. Teodora aling'oa siku hiyohiyo kwa viganja vilivyofungwa bandeji. Sikumsaidia.

Baada ya mazishi bustani ilibadilika bila mtu kuamua. Njia ya ziwani ikahamia juu, kuzunguka wigo wa minyaa. Waliobaki kupita chini walisimama pembeni wakapiga hodi, wakauliza kwa adabu nyingi kama mchicha uko sawa, wakachuma majani mawili, na nina hakika waliyatupa mbele ya safari. Aoko peke yake aliingia kama zamani. Siku moja nilipishana na Teodora ziwani, akaniambia, akiangalia ndoo yake, "Siku hizi wananipigia hodi." Ungedhani anasema wanamrushia mawe. Nikamjibu "pole" nikaenda zangu.

Nilikuwa na hasira naye. Aliniwekea sumu kwenye kijiko changu kwa kutokusema, kwa kudhani dunia nzima ilikulia Ngudu. Hasira hiyo ilikuwa ya haki. Lakini ndani yake kulikuwa na aibu, na aibu ndiyo iliyoifanya isiishe. Mwezi wa tisa nikiwa sokoni Mkuyuni, muuza vitunguu akanisimulia habari ya mchawi wa Luchelele aliyemmaliza mwenzake kwa mboga ya msiba. Aliyeuawa, akasema, alipiga kelele kumtaja muuaji kwa jina kabla hajakata roho.

"Aliyeuawa ni mimi," nikamwambia. "Nipimie vitunguu."

Nilirudi nyumbani na vile vitunguu nikashindwa kupika.

Alhamisi moja ya Oktoba, jua limeanza kushuka, nilitoka ziwani na ndoo na miguu ikaikataa njia ya juu. Niliingia bustanini. Teodora hakuwepo. Alikuwa amepanda sukuma wiki mpya upande wa matembele, mbali na yale matuta yaliyopumzika, na hakukuwa na chupa popote. Nilitafuta, sitadanganya, nilizunguka matuta yote nikitafuta chupa. Kisha nikainama nikageuza jani kama alivyonifundisha. Vidukari walikuwepo, wachache. Na kati yao weusi wawili wenye madoa ya chungwa, wanatembea, wazima. Jani lile nililiacha. Mengine nilichuma, mkono mzima, bila kupiga hodi.

Niliosha, nikakata, nikakaanga. Nilionja chumvi mara mbili. Kisha nilikaa na upawa mkononi nikiwaangalia wanangu kwenye mkeka, na nikaelewa kwa mara ya kwanza jinsi Teodora alivyokimbia siku ile. Nikawapakulia.

Jumapili baada ya sala ya jumuiya nilimfuata mbele ya wenzetu wote, kwenye mikeka, kwa sababu kosa langu nililifanya mbele ya watu.

"Shikamoo, Mama Shimba."

"Marahaba."

"Alhamisi nilipita kwako nikachuma sukuma wiki. Hukuwepo."

Uso ulimbadilika. Nilimwona akihesabu kimya kimya, midomo inacheza, anatafuta kichwani kila kitu alichokigusa wiki ile. "Tuta lipi?"

"La katikati."

"Nililimwagia sabuni na jivu tu. Jumatatu. Na watoto walikula?"

"Walikula. Nathaniel aliomba aongezwe."

Teodora akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Nikapiga magoti pale kwenye mkeka nikamwambia anisamehe kwa kelele zangu, kwamba hakuniua, kwamba aliniokoa mimi na kila aliyekaa pale, na mimi ndiye niliyempa jina baya. Nilisema yote huku nalia, na Selina analia, na Aoko amemshika mkono.

Alipoondoa kanga macho yalikuwa mekundu. Akapangusa pua kwa kiganja chake kikubwa, chenye kovu la sufuria.

"Bamia nazo zimekomaa," aliniambia. "Uchume kabla hazijawa ngumu."